Tochi, kamera na betri za kuzamia ndani ya ndege: mwongozo kamili kwa anayeondokea Entebbe

Mkaguzi wa mizigo pale Entebbe huona simu na kompyuta mpakato kutwa nzima. Tochi ya kuzamia yenye mwili mnene wa alumini, na betri nne zimepangwa ndani yake, ni nadra kuiona. Kwenye skrini ya eksirei inatokea kama bomba la chuma lililoshindiliwa kitu. Akikuvuta pembeni usimlaumu, anafanya kazi yake. Kazi yako wewe ni kulipanga begi lijieleze lenyewe mbele ya mtu ambaye hajawahi kutia kichwa chini ya maji. Ukilipanga hivyo, mara nyingi utakuwa umetimiza pia kanuni za usalama, maana vyote viwili vinadai jambo lile lile: betri ionekane, isomeke, na isiguse chuma.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa Kampala, Jinja, Mbarara au kwingineko Uganda na anakwenda kuzamia Nungwi, Pemba, Mafia, Diani, Watamu, au Bahari ya Shamu kupitia Cairo au Addis Ababa. Ziwa Victoria tunalipenda, lakini maji yake ni ya ukungu na kichocho kimo, kwa hiyo mwenye hamu ya matumbawe hana budi kupanda ndege. Wazamiaji wa uokoaji wanaokwenda kozi nje ya nchi watakuta mambo yao humu pia, hasa kwenye tochi.

Kwa nini betri ikae juu na wewe, isiende chini

Watu wengi hufikiri kinyume. Wanaona kitu cha hatari, wanakificha kwenye begi kubwa liende tumboni mwa ndege, mbali na abiria. Kanuni zinataka betri za akiba za lithiamu zikae kwenye begi la mkononi tu.

Sababu ni hii. Betri ya lithiamu-ioni ikipiga shoti, ikipondwa au ikipata joto kupita kiasi, seli moja huanza kujipasha yenyewe mpaka inapasuka, na joto lake huiamsha seli ya jirani. Gesi ya kuzimia moto iliyomo kwenye chumba cha mizigo inaweza kuua miale, lakini haipozi seli, na huko chini hakuna mtu wa kuona moshi wa kwanza. Juu, mhudumu ataona, atamwaga maji, na ataendelea kumwaga hadi ipoe. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliyotoka Dubai ilianguka baada ya moto kuzuka kwenye shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu, na marubani wote wawili walikufa. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Abiria walitoka wote, na uchunguzi wa awali ulielekeza kidole kwenye pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu ya viti. Tangu hapo mashirika kadhaa yamekaza kamba. Emirates, inayotua Entebbe, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabanki moja tu iliyo chini ya wati-saa 100 (Wh, kipimo kinachoelezwa hatua ya 2), nayo haitumiki wala haichajiwi ndani ya ndege.

Msingi wa kanuni ni maelekezo ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ambayo IATA, chama cha mashirika ya ndege, huyaingiza kwenye kitabu chake cha kila mwaka. Huku kwetu msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Shirika la ndege linaweza kuwa kali kuliko kanuni hizo, lakini haliwezi kuwa legevu kuliko zilivyo.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu mezani

Fanya hivi siku mbili tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Toa kila kinachotumia umeme: tochi kuu, tochi ya akiba, taa za video, flashi, kamera na kasha lake lisiloingia maji, kompyuta ya kuzamia (ile ya mkononi inayopima kina na muda), transmita inayofungwa kwenye regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia, kifaa cha kutoa ishara ya dharura, pawabanki, chaja. Fungua kila kimoja, utoe betri inayotoka. Vile ambavyo betri haitoki viweke upande wake.

Sasa kagua betri moja moja. Chukua seli ya 18650, ile ya silinda iliyo nene kidogo kuliko kidole gumba, uizungushe polepole chini ya taa. Tazama ukingo wa juu, pale kinundu cha chanya kinapotokeza. Kuna kipete chembamba kinachotenganisha chanya na mwili wa seli, na mwili huo wote, chini ya ganda la plastiki la rangi, ni hasi. Ganda likichanika milimita mbili tu pale ukingoni, ufunguo wa nyumba au sarafu ya shilingi 500 inatosha kuunganisha ncha zote mbili. Ndiyo maana seli iliyochubuka ukingoni ni mbaya kuliko iliyochubuka ubavuni.

Betri iliyovimba, iliyobonyea, yenye kutu kwenye ncha, inayotoa harufu tamu ya kemikali, au iliyowahi kuingia maji ya chumvi, haisafiri. Kanuni zinakataza betri zilizoharibika, na pia zile ambazo kiwanda chenyewe kimeziita zirudishwe. Hapa sina huruma: hata kama ni ya bei ghali, iache.

Hatua ya 2: Tafuta namba ya Wh

Kila uamuzi unaofuata unategemea namba moja: wati-saa, inayoandikwa Wh. Betri nyingi za sasa zimeandikwa. Ikikosekana, zidisha volti kwa ampea-saa. Kama imeandikwa mAh, gawa kwanza kwa 1,000.

Seli ya 18650 yenye volti 3.6 na mAh 3500 ni 3.6 × 3.5, sawa na Wh 12.6. Seli ya 21700 ya mAh 5000 ni Wh 18. Betri ya kamera ndogo ya michezo ni kama Wh 6 au 7. Taa kubwa ya video yenye pakiti ya volti 14.4 na Ah 6.8 inafika karibu Wh 98, na si kwa bahati: watengenezaji wanaujua mpaka wa 100, wanasimama hatua moja kabla. Tochi ya kopo, ile ambayo betri hukaa kiunoni na waya kwenda mkononi, ikiwa na volti 11.1 na Ah 10 inafika Wh 111, na hapo umeshavuka mstari.

Pawabanki huwachanganya watu kwa sababu tundu lake la USB hutoa volti 5. Hesabu kwa volti ya seli za ndani, yaani 3.7. Pawabanki ya mAh 20,000 ni Wh 74. Ya mAh 30,000 ni Wh 111, na mashirika mengi hayataki kuiona.

Seli nne zinazotoka moja moja huhesabiwa kama betri nne ndogo. Zikiwa zimeunganishwa na kufungwa kwenye pakiti moja, ni betri moja kubwa, na namba zake zinajumlishwa. Hili linafaa kukumbukwa siku ya kununua tochi.

Neno kuhusu seli za bei ya kutupa. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9900, huo ni uongo mtupu, maana hata zile bora kabisa hazifiki nusu ya hapo. Seli ya namna hiyo haina baba wala mama: hujui imetoka kiwanda gani wala kama aina yake ilifanyiwa majaribio ya Umoja wa Mataifa yanayojulikana kama UN 38.3, ambayo kila betri ya lithiamu inayopanda ndege inapaswa kuwa imeyapita. Na kama maandishi yamefutika kwa jua na chumvi, nunua nyingine. Betri isiyosomeka, mbele ya mkaguzi, ni betri isiyojulikana, naye ana haki ya kuichukua.

Hatua ya 3: Gawa mafungu

Kwa lithiamu-ioni, yaani zile zinazochajiwa:

- Hadi Wh 100: ruksa bila kuomba. Za akiba zikae begi la mkononi tu. Iliyo ndani ya kifaa inaweza kwenda hata begi la chini, ilimradi kifaa kimezimwa kabisa (si kulala usingizi) na kimekingwa kisiwake wala kupondwa.
- Zaidi ya Wh 100 hadi 160: lazima kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili.
- Zaidi ya Wh 160: abiria habebi, si juu wala chini. Katazo hili haligusi viti vya magurudumu na vifaa kama hivyo vya watu wenye ulemavu, navyo vina utaratibu wake.

Betri za lithiamu zisizochajiwa hupimwa kwa gramu za lithiamu iliyomo, na mpaka ni gramu 2. CR123A, ile fupi ya silinda, haifiki hata gramu moja, na betri bapa kama kidonge za CR2450 zilizomo kwenye kompyuta nyingi za kuzamia ziko mbali zaidi chini ya hapo, kwa hiyo usijisumbue. Za akiba zikae na wewe juu.

Betri za AA za kuchaji za nikeli, ambazo wapiga picha huzitia kwenye flashi, si lithiamu. Hata hivyo nazo zikinge zisipige shoti. Tochi za kopo za zamani zenye betri ya risasi iliyozibwa zinaruhusiwa ikiwa betri haivuji, haizidi volti 12 na haizidi Wh 100. Uzito wake tu utakukatisha tamaa kabla ya kanuni.

Kuna ukomo wa jumla pia: vifaa 15 na betri za akiba 20 kwa mtu mmoja, isipokuwa shirika likubali zaidi. Mzamiaji wa kawaida hafiki huko. Mpiga picha anayebeba AA kwa dazeni hufika upesi.

Ushauri wangu ni mkali kidogo kuliko kanuni: lithiamu yote inayotoka kwenye kifaa, iweke begi la mkononi. Kilo zikikubana, maana mashirika mengi yanataka begi la juu lisizidi kilo 7, teremsha chuma badala ya kuteremsha betri. Mwili wa tochi bila betri ni kipande cha alumini tu. Uviringishe ndani ya suti ya kuzamia, uende chini bila wasiwasi.

Hatua ya 4: Tochi, na joto lake

Tochi ya kuzamia inastahili hatua yake peke yake. Taa ya lumeni (kipimo cha mwanga) elfu kadhaa imeundwa ipozwe na maji yanayoizunguka. Ikiwaka ndani ya begi, katikati ya suti ya mpira na fulana, maji hayapo. Kioo kinachemka, mpira unayeyuka, na nguo zinaweza kushika moto. Kwa hiyo kanuni za abiria zina kifungu maalumu cha vifaa vinavyoweza kutoa joto kali, na tochi kali za kuzamia zimetajwa humo kama mfano. Kinachotakiwa ni kutenganisha sehemu inayotoa joto na betri: utoe betri, au utoe kichwa cha taa, au utoe kitu kingine kinachokata njia ya umeme, kama fyuzi. Na shirika la ndege lipewe taarifa na likubali.

Njia bora ni kutoa betri. Sijali tochi ina kufuli ya namna gani. Swichi ya sumaku inayoteleza inaweza kusukumwa na kamba ya begi, na kitufe kinaweza kubonywa na pezi lililokaa vibaya. Kuna wanaolegeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko na kutosheka. Kwa baadhi ya tochi hiyo hukata umeme, kwa nyingine haikati kitu, na kwenye kaunta hakuna atakayejua yako ni ipi.

Tochi zenye betri isiyotoka, za kuchajiwa kwa USB, ndizo zenye mtihani. Soma kijitabu chake utafute kufuli ya safari, ambayo mara nyingi huwekwa kwa kubonyeza mara kadhaa au kushikilia kitufe kwa sekunde chache, kisha ujaribu mwenyewe kama kweli haiwaki. Iweke begi la mkononi ambako ikiwaka utaihisi. Kama ni kali sana na haina kufuli, iombee kibali au iache nyumbani ukodi huko uendako. Ukienda kununua tochi mpya kesho, chukua ile ambayo betri inatoka. Hiyo peke yake itakuondolea nusu ya matatizo yaliyomo kwenye mwongozo huu.

Hatua ya 5: Kufunga betri za akiba

Kila betri ikae peke yake, ncha zimefunikwa. Vijisanduku vya plastiki ngumu vya kubebea 18650 au AA ndivyo bora: vinagharimu kidogo, vinafunguka mara moja, na mkaguzi anaona ndani bila kukukosesha subira. Kwa pakiti zenye ncha wazi, bandika tepu ya umeme juu ya kila ncha. Usitumie selotepu ya ofisi, joto huilegeza. Betri za volti 9 zina ncha mbili upande mmoja, zibandike daima.

Wengi hutia kila betri kwenye kaveera yake. Kwa usafiri wa anga inakubalika, lakini unakwenda nchi gani? Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Vijisanduku vinakuondolea mjadala huo mlangoni mwa uwanja wa Zanzibar.

Panga vijisanduku vyote kwenye mfuko mmoja mdogo, upande ulioandikwa Wh ukitazama juu, na mfuko huo uwe wa kwanza kutoka begini. Weka humo karatasi moja iliyochapwa: jina la kila kifaa kwa maneno ya kawaida, idadi ya betri, Wh za kila moja. Andika “tochi ya kuzamia”, usiandike namba ya modeli tu. Ukiwa na picha ya kifaa kikitumika majini, ichape hapo hapo. Nimeona karatasi hii ikimaliza maswali kabla hayajaanza.

Kuhusu chaji: safiri betri zikiwa karibu nusu au chini yake. Betri iliyojaa ina nishati zaidi ya kuunguza ikiharibika. Kamera na kompyuta ya kuzamia ziachie chaji ya kutosha kuwaka, kwa sababu mkaguzi anaweza kukuambia uziwashe.

Hatua ya 6: Kamera, kompyuta, na suala la mwinuko

Kompyuta ya kuzamia vaa mkononi au weka begi la juu. Kamera nayo juu, betri yake ikiwa ndani na imezimwa, za akiba kwenye vijisanduku. Flashi toa AA zake. Kifaa cha ishara ya dharura hakikisha kifuniko cha kitufe kimefungwa. Kikiwaka hewani kitawaamsha watu wasiohusika.

Kinachosahauliwa na watu wa huku juu ni hewa. Uwanja wa Entebbe uko karibu mita 1,155 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ufukweni. Ukifunga kasha la kamera au tochi kwa oringi zake zote (mipira ya duara ya kuzuia maji) ukiwa Kampala, umefungia humo hewa nyepesi. Ndege ikipaa, hewa ya ndani ya kabini hushuka hadi kiasi cha mwinuko wa mita 2,400, na hewa ya kasha inasukuma kutoka ndani kwenda nje, wakati kasha limeundwa kustahimili msukumo wa kutoka nje. Ukishatua Zanzibar mambo yanageuka: hewa nzito ya pwani inakandamiza kifuniko, na unaweza kuhangaika hotelini kufungua kitu ulichokifunga mwenyewe. Kwa hiyo safiri na kasha likiwa halijazibwa: toa oringi kuu, itie kwenye kijisanduku chake na grisi yake, kisha funga kasha kavu bila hiyo. Tochi nazo, kifuniko kikae kimelegea. Mkaguzi naye atafungua bila kutumia nguvu.

Hatua ya 7: Skuta ya majini

Skuta kubwa za kuvuta mzamiaji hubeba betri za mamia ya wati-saa. Hizo hazipandi ndege kama mzigo wa abiria, na kuzipeleka kwa shehena si njia ya mkato: tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Zinahitaji ndege ya mizigo, chaji isiyozidi asilimia 30, na mtu mwenye mafunzo ya kufunga na kuandika bidhaa hatari. Kodi skuta huko huko.

Skuta ndogo za burudani ni habari nyingine. Nyingi zina betri inayotoka, ya chini ya Wh 100 au ya kati ya 100 na 160. Toa betri, ibebe juu kwa kibali ikihitajika, mwili wenyewe utie begi la chini. Kuna pia zile ambazo pakiti yake hugawanyika vipande halali. Nazo zikubalike tu kama kiwanda kimezitengeneza hivyo. Fundi wa mtaani akikukatia pakiti ya Wh 300 kuwa vipande vitatu, hujapata betri tatu halali.

Hatua ya 8: Andika barua kwa shirika

Ukiwa na betri ya zaidi ya Wh 100, au tochi kali, andika barua pepe angalau wiki moja kabla. Simu haitoshi, maana aliyekujibu hatakuwa kaunta siku yako. Usieleze historia yako ya kuzamia. Taja tarehe na namba ya safari, namba ya tiketi, kifaa ni nini, betri ni ya aina gani, Wh ngapi, idadi, na jinsi utakavyoitenganisha. Mfano:

“Ninasafiri Entebbe hadi Zanzibar tarehe fulani, safari namba fulani. Nina tochi moja ya kuzamia yenye betri ya lithiamu-ioni ya Wh 111, na betri moja ya akiba ya aina hiyo hiyo. Betri zitatolewa kwenye tochi, ncha zitafunikwa, na zote zitakaa kwenye begi la mkononi. Naomba kibali kwa maandishi.”

Kwa shirika la mbali utaiandika kwa Kiingereza, mpangilio ni huo huo. Jibu lichape. Kama unaunganisha ndege Nairobi, Kigali au Addis Ababa, kila shirika lililoandikwa kwenye tiketi likupe jibu lake, na ufuate lile kali zaidi. Usisahau kuombea safari ya kurudi kwenye barua hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Ondoka Kampala mapema. Mizigo yote hupita kwenye mashine kabla hujafika kaunta, hivyo maswali ya kwanza yanaweza kukuta ungali na begi kubwa mkononi. Mkaguzi akikuuliza, “Ssebo, hii ni nini?” jibu kifupi: “Afande, ni tochi ya kuzamia chini ya maji, betri nimezitoa, hizi hapa.” Toa mfuko na karatasi. Usiwahi kutania kuhusu bomu au mlipuko, hata akicheka yeye kwanza.

Kaunta, sema mwenyewe kwamba una betri zenye kibali. Kisu cha kuzamia kiwe tayari kwenye begi la chini.

Hatari kubwa inabaki mlangoni mwa ndege. Safari za karibu za Uganda Airlines hutumia CRJ900, ndege ambayo makabati yake ya juu ni madogo, na begi la magurudumu linaweza kuchukuliwa pale pale mguuni mwa ngazi likapelekwa chini. Ukikabidhi begi hilo na betri zimo ndani, umevunja kanuni bila kukusudia. Ule mfuko mdogo uliotajwa hatua ya 5 una kazi hii pia: likitakiwa begi, unauchomoa kwa sekunde tatu, unapanda nao. Kwa ndege zile ndogo za kwenda Mafia au Pemba, ambako mara nyingi unaruhusiwa kilo 15 tu na mabegi yote huwekwa mbali nawe, ushikilie mfuko huo mapajani.

Ndani ya ndege, pawabanki na betri ziweke chini ya kiti cha mbele, si kabati la juu. Betri ikitoa moshi au joto la ajabu, mwite mhudumu papo hapo. Usiifunike kwa blanketi, usiishike kwa mkono.

Safari ya kurudi

Hapa ndipo watu hulegea, na ndipo betri zinapokuwa katika hali mbaya zaidi, maana zimekaa wiki nzima karibu na chumvi. Suuza vifaa kwa maji yasiyo na chumvi vikiwa bado vimefungwa, vikaushe, ndipo ufungue. Pangusa nyuzi za kifuniko kwanza, ili tone la maji ya chumvi lisidondokee kwenye ncha.

Tochi iliyoingia maji ishughulikie kwa adabu. Chumvi na umeme vikikutana ndani ya chombo kilichozibwa hutoa gesi, ikiwemo haidrojeni, na mgandamizo unaweza kurusha kifuniko kwa nguvu ya kuvunja meno. Elekeza mbali na uso wako na wa jirani, fungua polepole, nje, penye hewa. Betri iliyokuwemo haipandi ndege hata ikikaushwa na kuonekana nzima. Iache kituo cha kuzamia, wao wana namna ya kuitupa. Karatasi yako isahihishe kabla ya kufika uwanjani: kama umeacha betri moja, ifute.

Muda wa kusubiri kabla ya kuruka unajulikana kwa wazamiaji: saa 12 baada ya mzamio mmoja usio na vituo vya kupunguza mgandamizo wakati wa kupanda, saa 18 baada ya mizamio mingi au ya siku kadhaa, na zaidi ya hapo ukiwa umezamia kwa vituo. Anayerudi kwa basi kutoka Mombasa asidhani ameepuka, kwani barabara hupanda hadi Nairobi, kisha Timboroa karibu mita 2,700, kabla ya kushuka Malaba. Siku hiyo kavu itumie kufanya hatua ya 1 upya: meza, taa, kila seli ikizungushwa polepole. Betri ya kamera ichaji kidogo. Nyingine ziache zilivyo.